Namna ya kuchimba "siri ya serikali" ukiwa Dar, bila kudanganywa na wakubwa wala na WhatsApp

Wakuu, hii naiandika kwa ajili ya wale ambao kila wiki wanaletewa kitu kwenye grupu, mara voisi ya dakika sita ya jamaa asiyejitaja jina anasema anajua nani alimmaliza fulani, mara skrinshoti ya barua yenye muhuri wa SIRI, mara klipu ya mzee anasema historia mliyofundishwa shule ni ya uongo, na wewe unabaki njia panda, ukikubali unaitwa mjinga, ukikataa unaitwa chawa. Msimamo wangu nauweka mezani mapema kabisa. Serikali zinaficha mambo, za wakoloni zilificha na zetu zinaficha, hilo halina mjadala, na raia ana haki ya kuhoji. Lakini mtu anayekataa kila taarifa rasmi afu anameza chochote kinachokuja kinyume chake hajahoji chochote, amehamisha imani yake kwa mtu mwingine tu. Kuhoji ni kazi, ina hatua zake, na nyingi unaweza kuzifanya ukiwa hapa hapa Dar kwa nauli ya daladala na bando la wiki.

Anza na dai lenyewe

Kabla hujaforwadi na kabla hujabisha, chukua daftari uandike dai kwa sentensi moja inayoeleweka: nani alifanya nini, lini, wapi, na huyu anayesema amejuaje. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. "Binamu yake yuko Usalama" sio jibu. "Nilikuwepo" ni jibu. "Nimeliona jalada namba fulani" ni jibu zuri zaidi, maana na mwenzio anaweza kwenda kuliona. Voisi nyingi zinafia hapa hapa, unajaribu kuandika sentensi moja unakuta jamaa kaongea dakika zote hizo hajasema kitu, kauliza maswali tu, kwanini walifanya haraka, kwanini mlinzi alikuwa gari lingine, mnadhani ni bahati mbaya? Swali sio ushahidi. Swali ni mwanzo wa kazi, na yeye kazi hiyo hakuifanya, kakuachia wewe uimalizie kichwani kwa hofu zako mwenyewe.

Afu dai kubwa livunje vipande. Chukua la Sokoine maana ndo linaloongoza vijiweni. "Sokoine aliuawa" sio dai moja, ni madai kama matano yamefungwa kitita. Alikuwa anatoka Dodoma bungeni kuja Dar, Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984, hilo limethibitika. Gari lake liligongana na lingine maeneo ya Dakawa, Morogoro, limethibitika. Aliyeendesha lile gari lingine alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini, mtu wa ANC, chama kilichopigana na ubaguzi kule, limethibitika. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu aliyewabana walanguzi na wahujumu uchumi kiasi cha kutengeneza maadui wenye pesa, hilo nalo ni kweli tupu, waulize waliokuwa Kariakoo mwaka 1983. Kipande cha tano, kwamba kuna mtu alilipanga lile gari lije pale saa ile, ndo chenyewe kinachobishaniwa, na ukitazama vizuri utakuta msimulizi anakupa vile vinne vya kwanza, unaitikia kweli, kweli, kweli, afu anapachika cha tano wakati umeshazoea kuitikia. Kivute pembeni ukiangalie peke yake. Kina nini chini yake? Mtu kuwa na maadui ni sababu ya kuchunguza, haijafika kuwa ushahidi kwamba maadui hao walifanya.

Pima uzito, na njia tunayo ya nyumbani

Watu hawajui kwamba moja ya kazi kubwa kabisa duniani ya kuchunguza "nadharia ya njama" imeongozwa na Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu. Umoja wa Mataifa ulimpa mwaka 2015 kazi ya kuangalia upya kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa UN, aliyekufa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola, Zambia ya leo, usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Alikuwa anaenda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la Congo lililojitenga, kutafuta usitishaji wa mapigano huko. Ndege ilikuwa na watu 16, mmoja tu akakutwa hai, naye akafa siku chache baadaye hospitali. Wakoloni wa Rhodesia wakachunguza wakasema rubani alikosea, UN wakachunguza 1962 wakaacha sababu wazi, na kwa miaka mingi aliyesema ndege ilishambuliwa alionekana anaota.

Sasa angalia jopo la mzee Chande lilivyofanya, maana hapa ndo pa kujifunzia. Halikuuliza "je ni njama au sio njama". Lilichukua dai moja moja na kulipa daraja la uzito: halina uzito kabisa, uzito hafifu, uzito wa wastani, uzito mkubwa. Basi. Yule afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyekuwa kituo cha kunasa mawasiliano Cyprus, aliyesema alisikia rekodi ya sauti ya rubani akishambulia ndege, anapimwa peke yake. Wachoma mkaa Waafrika wa Ndola waliosema waliona mwanga na ndege ya pili angani, ambao tume ya wakoloni iliwapuuza, wanapimwa upya kama mashahidi wa macho, sio kama "wenyeji". Zile nyaraka zilizoibuliwa Afrika Kusini mwaka 1998 zinazotaja mpango wa kumwondoa Hammarskjöld nazo zinapimwa, na kwa kuwa zilipatikana nakala bila asilia haziwezi kubeba mzigo mkubwa, hata kama zinasisimua kuliko zote. Mwaka 2017 akafika mahali pa kusema inawezekana kabisa kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali ile, na kwamba sasa ni juu ya nchi zenye kumbukumbu kuonyesha zimepekua majalada yao kikamilifu. Aliandika "inawezekana". Baada ya miaka na mamlaka yote ya UN mgongoni, ameandika neno hilo, wakati kwenye grupu mtu mwenye bando la jero anaandika "IMETHIBITIKA" kwa herufi kubwa.

Kwaiyo fanya hivyo hivyo kwenye daftari lako. Mbele ya kila kipande andika daraja. Mtu aliyeona mwenyewe na akasema mapema, kabla habari haijawa maarufu, mpe uzito. Aliyesimulia miaka thelathini baadaye, baada ya kusikia wengine wakisimulia, punguza. Karatasi asilia iliyoko mahali panapojulikana ina uzito, picha ya karatasi isiyo na mwenyewe ni hafifu. Na mashahidi watano waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja, hili watu wanalisahau sana, unaambiwa "kila mtu Tandika anajua" kumbe kila mtu Tandika aliangalia klipu moja.

Usije ukadhani kwamba ukipima hivi kila njama inakufa. Kumbuka rada. Mwaka 2001 nchi ilinunua rada ya kuongozea ndege kwa BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza, kwa paundi milioni 28, watu wakalalamika kwamba bei imepaa na kuna mtu anakula, wakaambiwa ni maneno ya mtaani. Mwaka 2010 kampuni yenyewe ikakiri kortini Uingereza kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu mauzo hayo, na zikaja paundi milioni 29.5 kwa ajili ya vitabu na madawati, hela ambayo mpaka leo tunaiita chenji ya rada. Ile ilikuwa siri ya kweli, na tazama sura yake: watu wachache, hela inayohama, mkataba, ankara, benki. Ukipewa njama yenye sura hiyo ichimbe kwa nguvu zote. Ukipewa inayohitaji madaktari wote, walimu wote na wanajeshi wote wa nchi tatu wanyamaze miaka hamsini bila hata mmoja wao kumwambia mkewe, ianzie kwenye daraja la chini kabisa.

Ukiletewa barua

Hapa nataka uwe mkali. Barua ya kughushi mara nyingi inajisaliti yenyewe kwenye vitu vidogo, na huhitaji maabara. Kwanza tarehe na majina. Jina Tanzania limeanza kutumika Oktoba 1964, kabla ya hapo tangu Aprili 26 ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, kwaiyo barua ya Mei 1964 yenye kichwa cha "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" imeandikwa na mtu aliyezaliwa juzi. CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977, kabla ya hapo ni TANU huku na Afro-Shirazi kule Visiwani. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zimekuwa mikoa 2012, Songwe 2016. Maputo ilikuwa Lourenço Marques mpaka 1976. Wizara nazo zinabadilishwa majina kila baraza jipya likitangazwa, kwaiyo linganisha jina la wizara kwenye karatasi na baraza la mwaka ule. Tafuta pia siku ya wiki, simu yako ina kalenda inarudi nyuma miaka yote, barua inasema "Jumatatu tarehe 12 Aprili 1984" wakati ilikuwa Alhamisi, umemaliza kazi. Angalia Kumb. Na., yaani namba ya kumbukumbu ya barua, angalia kama aliyesaini alikuwa na cheo hicho siku hiyo, angalia kama muhuri umepinda kufuata karatasi ilivyokunjwa au umekaa juu yake umenyooka, maana uliobandikwa kwa simu haufuati mkunjo. Picha unaweza kuitupia Google Lens au TinEye uone imetokea wapi mara ya kwanza, mara nyingi utakuta "maiti za Mtwara" ni picha ya nchi nyingine kabisa ya miaka mingi nyuma.

Na usidhani wanaodanganywa na karatasi ni watu wa vijiweni tu. Novemba 1964 Oscar Kambona, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitangaza kwamba zimepatikana barua zinazoonyesha njama ya nchi za Magharibi dhidi ya Tanzania, magazeti yakachapa, watu wakachemka, baadaye barua zikaonekana ni za kughushi. Haijapita hata miezi mitatu, Januari 1965, ikaja ya simu. Mwanadiplomasia wa Marekani aliyekuwa Zanzibar, Frank Carlucci, aliongea kwa simu na mwenzake wa ubalozini Dar, Robert Gordon, simu ikawa inasikilizwa. Kwenye mazungumzo wakatumia lugha ya silaha, wakimaanisha wanahitaji hoja nzito za kuishawishi Washington itume salamu za sikukuu ya Mapinduzi. Aliyesikiliza akaandika kwamba Wamarekani wanataka silaha. Wote wawili wakafukuzwa nchini, mabalozi wakarudishwa makwao, urafiki ukaingia baridi. Carlucci alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani miaka ya 80, na kisa hiki kimeandikwa kwenye nyaraka zao zilizofunguliwa. Nakileta kwa sababu kina vitu viwili kwa pamoja: serikali kweli ilikuwa inasikiliza simu kwa siri, na kweli ilichosikia ilikielewa vibaya. Kwaiyo ukipewa kipande cha mazungumzo, kipande cha hotuba, sentensi moja iliyozungushiwa wino mwekundu, kataa kutoa hukumu mpaka upate kitu kizima.

Serikali ikinyamaza

Machi 2021 wote tunaikumbuka. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho Februari 27, minong'ono ikaanza, tarehe 12 Machi Waziri Mkuu akasema Rais yuko salama anachapa kazi, watu wakakamatwa kwa kusema anaumwa, na tarehe 17 Makamu wa Rais, Mama Samia, akatangaza kwamba amefariki Hospitali ya Mzena hapa Dar kwa maradhi ya moyo. Tangu hapo ukimwambia mtu "subiri taarifa rasmi" anakucheka, na mimi simlaumu hata kidogo, serikali ilijivunjia yenyewe imani ya watu siku zile na itachukua muda mrefu kuirudisha.

Ila chambua vizuri. Uvumi haukuwa mmoja. Mmoja ulisema anaumwa, mwingine yuko hospitali Nairobi, mwingine kapelekwa India, mwingine mambo ya sumu, na yote yalisambaa na watu wale wale kwa uhakika ule ule. Haiwezekani yote yawe kweli. Ukimya wa serikali ulionyesha kwamba kuna jambo, haukuonyesha ni jambo gani. Ukikuta serikali inanyamaza andika kwenye daftari "wamenyamaza kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, walipoulizwa na fulani walijibu hivi", hiyo ni taarifa yenye thamani na inakaa miaka. Usiandike "wamenyamaza, kwaiyo voisi ni ya kweli".

Karatasi ziko wapi

Hapa ndo wengi wanakimbia maana panataka miguu. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ina jengo lake Upanga, na ndani yake kuna majalada ya Wajerumani, ya Waingereza, na ya kwetu. Kwa sheria ya mwaka 2002 nyaraka za umma zinafunguliwa baada ya miaka 30, kwaiyo kimahesabu miaka ya mwanzoni ya 90 imeshafikiwa, ingawa kufunguliwa kisheria na kukuta jalada mezani ni vitu viwili. Pita kwanza uulize taratibu za kibali na barua ya utambulisho, nenda na penseli, nenda asubuhi.

Ukipewa jalada la kikoloni usikimbilie kusoma barua inayosisimua. Anza na namba. Kila karatasi ndani ya jalada ilipewa namba yake pembeni juu, mara nyingi kwa wino mwekundu, na mbele kuna kurasa za maelezo ambapo maofisa waliandikiana kwa mkono: "tazama 14", "nimeona 15, nakubali". Ukikuta namba zinatoka 14 zinaruka 19, na kwenye maelezo kuna mtu anasema tazama 17, umeshajua kwamba kulikuwa na kitu na kimetolewa, na umejua kilihusu nini kwa sababu waliokizungumzia bado wapo kwenye maelezo. Hiyo ndo namna ya kuthibitisha kuficha. Nukuu namba ya jalada, namba zilizokosekana, na maneno ya ofisa na tarehe yake. Ukileta kitu kama hicho kwenye mjadala hakuna wa kukuita mzushi.

Na kuficha kwa Waingereza kumethibitishwa mpaka mahakamani. Mwaka 1961, mwaka wetu wa uhuru, Waziri wa Makoloni alitoa maelekezo kwamba serikali mpya zisiachiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha Uingereza au kuwafichua watoa habari wao. Nyingine zikachomwa, kwa nyingine kulikuwa na maelekezo kabisa ya kuzamisha makasha baharini, kwenye maji ya kina kirefu mbali na pwani, na nyingine zikasafirishwa zikafungiwa Hanslope Park, ngome ya serikali huko Uingereza, miaka hamsini wakisema hawana. Zilitoka 2011 kwa sababu wazee wa Mau Mau wa Kenya walishtaki na wanahistoria wakasisitiza kwamba makaratasi yapo. Yalikutwa ya makoloni 37, Tanganyika ikiwemo. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa paundi milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Majalada yenyewe sasa yako Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, kwenye fungu linaloitwa FCO 141, na orodha yake unaisoma mtandaoni bure, unaandika Tanganyika unaona vichwa vya majalada. Hili ni jambo linaloniumiza sana, kwamba mtoto wa Mbagala akitaka kujua polisi wa kikoloni waliandika nini kuhusu babu yake inabidi apande ndege aende London.

Ukiwa nyumbani bado una vingi. Nyaraka za mambo ya nje za Marekani za miaka ya 60 zimewekwa mtandaoni, za Zanzibar 1964 zimo, ila kumbuka zinakupa macho ya Mmarekani na hofu zake za ukomunisti. Hukumu za mahakama ziko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu. Hansadi za Bunge, yaani kumbukumbu za mijadala yake, zipo, ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zipo, na hizi mbili zimefichua mengi kuliko voisi zote ulizowahi kupokea, tatizo hazina muziki wa kutisha nyuma yake. Magazeti ya zamani yapo Maktaba Kuu ya Taifa na ile sehemu ya East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Maktaba Kuu iko barabara ya Bibi Titi Mohamed, na ukiwa pale omba magazeti ya 1970 na 1971 usome kesi ya uhaini ambayo Bibi Titi mwenyewe alihukumiwa kifungo cha maisha, kabla ya kuachiwa 1972. Soma siku baada ya siku, nani alisema nini kizimbani, usisome muhtasari wa mtu.

Kwa mambo ya sasa kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia anaandika maombi kwa taasisi, anasema anataka taarifa gani hasa, na wana siku 30 za kujibu. Usiandike "nataka ukweli kuhusu mkataba". Andika "naomba nakala ya mkataba kati ya fulani na fulani uliosainiwa tarehe fulani". Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Wakikunyima kwa maandishi, barua ya kunyimwa nayo ni waraka.

Historia rasmi ikiwa yenyewe ina mashaka

Sio kila mara uongo uko upande wa kijiwe. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililoko Kalenga, Iringa, ni mfano. Mkwawa alijiua Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, kichwa kikapelekwa Ujerumani, na Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, ukawataka Wajerumani walirudishe ndani ya miezi sita. Miaka ikapita. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining akaenda makumbusho ya Bremen, akaonyeshwa mafuvu mengi, akachagua moja kwa vipimo vya kichwa vinavyofanana na vya ndugu wa ukoo na tundu la risasi, likakabidhiwa Kalenga Juni 1954. Sasa je, ndo lenyewe? Njia iliyotumika haitoshi kuthibitisha, na mtu anayesema hivyo hawatukani Wahehe wala hazushi, anasoma jinsi lilivyochaguliwa. Andika: uzito wa wastani. Na kifo cha Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliyeuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu hapa hapa Oyster Bay tarehe 3 Februari 1969, betri za lile bomu zilifuatiliwa mpaka Lourenço Marques, jambo linalosogeza mkono wa Wareno, lakini aliyelipitisha ndani ya Dar mpaka likamfikia mezani bado anabishaniwa. Hapo nusu ni uzito mkubwa na nusu ni hafifu, ziache hivyo hivyo zilivyo.

Kabla hujaposti

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kusambaza taarifa za uongo, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 au vyote. Mimi naona kifungu hiki ni kipana mno na kinatisha hata wakweli, lakini kipo. Waraka wa siri wa leo ukiletewa usiuforwadi, kuna Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 pia. Usimtaje mtu kuwa muuaji. Andika ulichokiona, kiko wapi, na daraja ulilokipa.

Wazee

Kuna vitu havikuwahi kuandikwa na mzungu wala na chama. African Association, chama kilichokuja kuitwa TAA, kilianzishwa hapa Dar 1929, Nyerere akachaguliwa kukiongoza 1953 akimpokea Abdulwahid Sykes, TANU ikazaliwa Julai 7, 1954, na wengi wa wale watu wa Gerezani na Kariakoo waliochanga pesa na kufungua nyumba zao kwa mikutano hawakuingia kwenye vitabu tulivyosomea. Familia zao zina picha na barua kwenye masanduku mpaka leo. Na kazi ya namna hii imewahi kubadili historia, mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Mlimani walisambaa kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee, na idadi ya vifo ambayo Wajerumani waliiweka kama 75,000 wanahistoria wetu wakaja kuikadiria 250,000 mpaka 300,000.

Nenda baada ya Alasiri, mzee ameshaswali na amepumzika, shikamoo yako itangulie na haraka uiache nyumbani. Mwombe ruhusa ya kurekodi, akikataa andika. Usimuulize "babu, ni kweli walimuua?" maana hapo umeshampa jibu. Muulize "mzee wangu, siku ile ulikuwa wapi, ulikuwa unafanya nini, nani alikupa habari?" Kwa Sokoine, kwa mfano, wengi watakwambia walimsikia Nyerere mwenyewe akitangaza RTD, redio ya taifa ya wakati ule, watakwambia redio ilikuwa ya nani na nani alianza kulia. Muache. Akifika sehemu ya "watu walisema", muulize kwa upole ni watu gani, na yeye aliambiwa na nani, siku hiyo hiyo au baadaye. Omba kuona picha, piga za mbele na za nyuma maana nyuma ndo kuna maandishi, na usiondoke na asilia hata akikupa. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mtaa, jina lake kama amekubali, na umri. Rudi mara ya pili umsomee ulichoandika, atakurekebisha, na marekebisho uyaandike pembeni bila kufuta ya kwanza. Nakala moja ibaki kwa familia, moja kwako nje ya simu, na kama wanaridhia moja ipeleke East Africana ipewe namba, ili atakayekubishia aende akaisikilize mwenyewe.